Mwisho wa Ukuta

Nebraska, Oktoba

Kaka Garth,

Huko Alaska theluji imeshafika kiunoni? Huku mahindi yamevunwa, na upepo unazurura mashambani kama umepoteza kitu.

Kocha mpya wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani ameniacha palepale, mwisho wa ukuta, ubavuni mwa wasukumaji wanaowazuia wapinzani. Ila sasa nasukuma kidogo tu, kisha nachomoka kwenda kudaka mpira. Mrushaji akikosa wa kumpa, macho yake yananitafuta mimi. Ijumaa nilimgonga mlinzi wao begani, akaamini nimekuja kupambana naye, nikamponyoka hadi kwenye nyasi tupu nyuma yake. Kelele zikafifia. Mpira ukaelea angani taratibu, kama unaniwaza.

Baba alikuwa kwenye uzio akifoka, "Rudi ukasukume, we bwana harusi!" Unamjua, kwake anayedaka ni mpenda sifa tu. Nikaudaka. Nilipogeuka, nikamwona amekaa chini, ameshika kifua.

Hataki ujue. Daktari amemkataza kuendesha trekta. Asubuhi namvalisha buti, naye ananitania eti siku hizi nina mikono laini.

Wewe ulicheza pembeni kabisa, Kaka. Ulikimbia mbali, na jezi yako ikabaki safi. Sikulaumu. Lazima mmoja asukume ili mwenzake akimbie.

Sasa chuo kimoja cha Ohio kinanitaka nikakichezee kuanzia Januari. Njoo usimame hapa nilipo, kando ya Baba, nami nichomoke.

Mdogo wako, bado niko ukutani,
Lyle