Kisu Kisichosikika

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefika karakana saa moja. Nimefuta mashine ndogo, nimekaza jiliwa linaloshika chuma, nimefunga kisu kipya cha kuchongea. Unene wake nusu milimita. Sindano ya kushonea ina afya kuliko hiki. Tunachonga kalibu ya chuma ya kutengenezea pua za plastiki, zile za mabomba ya kunyunyizia pamba. Wiki tatu za kazi ziko kwenye kipande kile kimoja. Imebaki mifereji minne myembamba. Ncha ikikatikia humo haitoki, na kalibu ndiyo basi.

Mteja kapiga simu kutoka Bunda. Alhaji Hamadi, mwenye karakana, kamjibu mbele yangu: "Usiwe na shaka mama, nina Fundi Magesa. Huyu anasikiaga chuma kikitaka kukatika kabla chuma chenyewe hakijajua."

Nikacheka naye.

Jumanne, 4 Novemba

Majaribio kwenye chuma chakavu. Rehema, mpwa wa Alhaji, ndiye injinia wetu. Alikuwa kwenye kompyuta nyuma yangu. Akauliza, "Mzee, inalia?" Nikajibu hailii, iko safi. Pap! Kisu vipande viwili. Visu vizima vimebaki viwili.

Ukweli niuandike hapa, maana siwezi kuusema popote. Sio kwamba nilisikia vibaya. Sikusikia kitu. Ni tangu mwaka jana. Simu inaitaga mfukoni mpaka watu wananitazama. Krismasi kule kwetu Bukima niliingiza besi kabla ya wenzangu, kwaya nzima ikageuka. Wakasema Magesa kalewa. Nikawaacha waamini. Afadhali mlevi kuliko kiziwi. Fundi kiziwi anafanya nini? Anafagia.

Jumatano, 5 Novemba

Nimefanya ujinga. Nilitaka siku moja tu, niende Bunda kupimwa masikio bila mtu kujua. Nikamwambia Alhaji shangazi yangu wa Butiama kafariki. Shangazi mzima kabisa, juzi alikuwa anapalilia mihogo. Uchuro gani huu! Alhaji akasema innalillahi, akanishika mkono kwa muda mrefu. Kabla sijatoka getini wakaniletea kilo mbili za sukari, na Rehema akaongeza doti ya kanga. Nimepanda basi na rambirambi ya mtu aliye hai.

Hospitali wakanivalisha visikilizio, nibonyeze kitufe nikisikia mlio. Nilikaa nikingoja mashine iwashwe. Kumbe imewashwa zamani. Sauti nyembamba zimeondoka, sikio la kushoto zaidi. Daktari kasema hazirudi. Miaka ishirini na saba ya kugonga vyuma bila kuziba masikio. Sukari na kanga nimevificha nyuma ya debe la unga.

Alhamisi, 6 Novemba

Kila mtu ananipa pole. Nimezipokea zote. Naogopa shangazi asipige simu nikiwa kazini.

Ijumaa, 7 Novemba

Rehema kasema tusibahatishe tena, tutabiri. Kisu kikubwa unakigonga kwa nyundo, sensa, kile kidude cha kupimia mtetemo, inakwambia kinatetemaje. Hiki ukikigonga kimekufa. Kwa hiyo kafunga kipande butu, kinene, chenye shina kama la kisu. Akagonga hicho, halafu ile ncha nyembamba akaiongeza kwa hesabu. Kompyuta ikachora mstari wenye vilima na mabonde. Chini ya mstari kisu kinakata kimetulia. Juu yake kinatetema mpaka kinakatika. Anataka tuongeze mwendo, tuingie chini ya kilima kirefu kuliko vyote. Kuongeza! Mimi chuma kikisumbua ninapunguzaga, ndivyo nilivyofundishwa.

Halafu akasema neno lililonimaliza. "Hesabu inaweza kukosea, Mzee. Kesho wewe utasikiliza. Ukisema zima, nazima."

Kesho Alhaji na mteja watakuwepo. Hofu hii niliwahi kuipata mara moja tu, mtumbwi wa baba ulipojaa maji.

Jumamosi, 8 Novemba

Mimi na Rehema tulitangulia kabla ya wakubwa kufika. Mkono ukaenda kwenye kitufe cha kuwashia, ukarudi. Nikamwambia. Masikio, Bunda, shangazi, kanga, vyote. Nilitegemea anifokee.

Akasema: "Mzee, hata mimi pale sisikiagi kitu. Kisu kidogo hivi mlio wake mwembamba, mota inaufunika. Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza wewe."

Jamani. Kumbe wote wawili tulikuwa tunategemea masikio ya mtu asiyekuwepo.

Akauliza kama kuna kingine ninachofanya asichokijua. Nilitaka kusema hakuna. Nikatazama kisu. Nilikuwa nimekitoa nje milimita mbili kuzidi kile kipande alichogonga jana. Siku zote ninakitoaga hivyo, nione ncha inavyogusa. Jumanne pia. Rehema akashika kichwa. Kisu kikitoka nje zaidi kinayumba zaidi, kwa hiyo hesabu ya jana haikuwa ya kisu hiki. Ningenyamaza, tungekivunjia ndani ya kalibu. Nimekirudisha ndani. Nimepima mara tatu.

Alhaji akaingia na mteja. Akaweka kidole mdomoni: kimya, Fundi anasikiliza. Nikainamisha kichwa kama ninayesikiliza. Mfereji wa kwanza. Wa pili. Wa tatu nilisahau kupumua. Wa nne. Kisu kikatoka kizima.

Mteja akayashukuru masikio yangu. Rehema akatazama sakafu. Mimi nikasema asante, na aibu ikanipanda hadi shingoni.

Jumapili, 9 Novemba

Nimetoka kanisani. Hapa nyumbani Kigera kumetulia. Mke wangu, Mama Nyangeta, kaleta chai akiwa na ile kanga begani. Kaikuta nyuma ya debe. "Baba Nyangeta, nani kafa?"

Nikaanzia kwa shangazi, nikaishia kwenye masikio. La shangazi kacheka mpaka kakaa chini. Kasema kanga tumpelekee mwenyewe, ni haki yake. La masikio hakucheka. Alijua tangu mwaka jana. Akaniuliza kama sijawahi kujiuliza kwa nini alihamishia kigoda chake upande wangu wa kulia.

Sikuwahi.

Kesho nitamwambia Alhaji. Bado naogopa. Chai ina sukari ya msiba, imekolea. Mama Nyangeta amekaa kulia, anamenya viazi na kuongea. Nasikia karibu yote.