Bega la Nyumba Yetu

Katumba,
S.L.P. 40,
Mpanda.
8 Machi 1998.

Mpendwa mdogo wangu Arcade,

Hujambo, na Joséline hajambo? Mafua ya mtoto yameisha? Sisi wazima, ila Baba kifua bado kinambana. Ubishi tu ndio haujaumwa.

Uliuliza tumwongezee bima gani, kwa kuwa ile kadi yake ya wastaafu inaishia zahanati. Nilikwenda Mpanda kwa wakala. Bima ya nyongeza inalipia kulazwa hospitali, kitanda na dawa. Nikamuuliza, na kumfikisha huko? Akasema mgonjwa anajifikisha mwenyewe. Jamani! Mvua za mwaka huu zimekata daraja, hata baiskeli zinabebwa begani.

Kwa hiyo nimechagua ingobyi. Umekaa mjini mno, labda umesahau: wanaume wa kijiji wanambeba mgonjwa kwenye ile machela ya kusuka mpaka barabara kuu, kwenye malori. Hela hawataki. Kila nyumba inatoa bega, na nyumba isiyobeba haibebwi. Baba alibeba miaka yote ya ualimu wake, lakini tangu augue nyumba yetu haina mtu.

Jean-Marie, mwenyekiti wa wabebaji, alipouliza nani atabeba badala yake, Baba akajibu ana kijana Dar es Salaam. Watu wakacheka. Na mimi nimekaa palepale, Arcade! Niliumia sana. Nikasimama nikasema nitabeba mimi. Wee! Baba akafoka kwamba mwanamke habebi ingobyi, namwaibisha. Jean-Marie akakuna kichwa, akasema tungoje tuone.

Jumanne jirani yetu Theopista akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Nikaenda. Matope magotini, utelezi, na mama wa watu analia juu yetu. Sikuomba kupokewa. Amejifungua salama, wa kike. Jean-Marie ametamka mbele ya wote kwamba nyumba ya Mwalimu Sixte ina bega.

Hela uliyotuma nimenunulia buti za mvua, usininunie.

Niliporudi siku ile, bega limevimba, Baba aliingia jikoni akawasha moto, akachemsha maji ya chumvi, akanikanda. Baba yetu, ambaye hata chai hajawahi kujichemshia! Alipomaliza akasema, "Siku yangu ikifika, wewe ubebe upande wa kichwa."

Msalimie Joséline, Aline na shangazi Romana. Mungu awakaushie njia popote mpitapo.

Wako akupendaye,
dada yako Séverine.