Tone la Mafuta ya Cherehani

Ouma ndugu yangu,

Shata ya kamera yako imepona! Nakuandikia hapa hapa kwenye kibaraza chetu, cherehani mbele yangu, na mahali pa kiti chako bado sijampa mtu. Watatu wameshapaomba. Nimewaambia pana mwenyewe.

Najua utauliza imeponaje, maana wewe na mimi tuliihangaikia miaka tisa. Haya, kaa vizuri, na usinitukane mpaka nimalize.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiitibu. Ukibonyeza, vile vibati vyembamba vya shata nyuma ya lenzi vinagoma kufunguka, na mteja amekaza uso pale kama askari wa gwaride. Unageuka kwangu: "Hamisi, tone moja tu." Nami nachovya sindano kwenye mafuta ya cherehani, nakutilia. Wiki moja inafanya kazi vizuri, wiki ya pili inagoma tena. Tukalaumu vumbi la njia ya Kisian. Tukalaumu unyevu wa ziwa. Siku moja ukamlaumu shemeji yako kwamba ana jicho la husuda, mpaka mkeo akakununia wiki nzima.

Siku tuliyokuzika kwenu Bondo, kijana mmoja alileta kikamera chake cha plastiki ampige mama yako picha. Mama akajifunika leso usoni. "Mwanangu aliniahidi. Nitapigwa na kamera yake, ama nitakufa bila picha." Nikarudi Kisumu na kamera yako mfukoni, na maneno yale yananichoma. Mtu aliyepiga nusu ya harusi za mji huu, mama yake hana hata picha moja! Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini wewe ulijaribu. Mara mbili ulikwenda Bondo, mara mbili ukarudi na filamu tupu.

Sasa mwaka huu mama ameanza kuwaambia wajukuu nguo gani avikwe siku yake ikifika. Nikaona, Hamisi, usipofanya sasa hutafanya tena. Nikaipeleka kamera kwa fundi wa saa pale Nyamasaria. Akaifungua, akainusa, akauliza, "Mwendawazimu gani alitia mafuta humu?" Ouma, nilitazama viatu vyangu. Akanieleza kwamba vile vibati hutakiwa vikavu kabisa. Mafuta huvigandisha pamoja kama chapati zilizopangwa zikiwa moto. Kumbe ni mimi, ndugu yangu. Zile filamu mbili tupu ni mafuta yangu. Nilitoka pale nikalia njiani, mzee mzima na ndevu zangu.

Fundi alitaka kuitengeneza mwenyewe. Nikakataa. Niliyeiharibu ni mimi, nitaitengeneza mimi. Nikamwambia, wewe nielekeze tu. Nikatandaza kitambaa cheupe, na kila kibati nilichotoa nikakichorea mahali pake kwa chaki, vile ninavyopanga vipande vya koti. Nikaviosha kwa petroli kwenye kisosi, nikavifuta kwa bitana maana haiachi nyuzi. Mara ya kwanza nikafunga yote, nikajipongeza, loo, skrubu moja iko mezani inanitazama. Nikafungua tena. Mara ya tatu nikabonyeza: chwak! Wallahi niliruka nikaangusha kisosi. Nilibonyeza siku nzima, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeoa kamera.

Jumapili nikaenda Bondo asubuhi. Mama alikataa kiti. Anasema anayepigwa picha ameketi ni mgonjwa. Akasimama mbele ya nyumba na viatu vyake vya kanisani. Kabla sijapiga nikamwambia ukweli wote wa mafuta, kwa Kijaluo changu kile ulichokuwa ukikicheka. Sikutaka anitabasamie bila kujua nilichomfanyia. Akanisikiliza, akauliza tena hilo tone lilitoka wapi, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe mlikuwa wajinga wawili! Mimi miaka yote nilidhani ni mmoja tu." Nikabonyeza palepale, bado anacheka.

Picha imetoka kali, Ouma. Meno yake yote matatu yanaonekana! Nilimpelekea jana. Nilidhani atajitazama sura kwanza, lakini kidole chake kilishuka moja kwa moja chini, kwenye nyasi mbele ya miguu yake. Siku ile nilisimama jua likiwa mgongoni mwangu, na kivuli changu kikalala pale: kichwa, mabega, na viwiko viwili vimeinuliwa kushika kamera. Akakipapasa.

"Ouma," akasema. Halafu akaniinulia uso, furaha imemjaa. "Si unamwona? Alikuja."

Wewe ungefanyaje? Nikamwambia, ndiyo Mama, alikuja.

Pumzika, ndugu yangu. Maadamu mama yupo, kila Krismasi nitafika Bondo asubuhi mapema na kamera yako, nisimame palepale, jua likiwa mgongoni.

Wako,
Hamisi