Mtungi Ulikuwa wa Anania

Chapwa,
Tunduma.
14 Julai, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Ambakisye,

Habari za Ndola? Wifi Fides na mgongo wake wanaendeleaje? Sisi wazima, ila baridi inatutafuna. Mahindi tumeshavuna. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Ile sauti uliyotusambazia kwenye simu, kwamba mlipuko wa kwenye foleni ya malori hapa mpakani ni bomu la serikali yenyewe ili isingizie magaidi, huku ilipokelewa kama Injili. Sauti ilisema bomu lilifichwa kwenye dumu la maziwa. Basi watu wakamgeukia Luhende, kijana wa wafugaji wa Momba anayewauzia madereva maziwa. Wakamvunjia pikipiki. Petroli ilikuwa imeshaletwa, polisi wakawahi kumchukua.

Sasa sikia ya mpwa wako. Anania wangu alikuwa na lori lake kwenye foleni hiyo hiyo, siku ya nne anasubiri kuvuka. Si unawajua madereva, wanapika chini ya tela. Aliacha maharage kwenye mtungi mdogo wa gesi, akaenda kugongesha karatasi zake mhuri. Mtungi ulikuwa unavuja na alijua. Aliporudi, vioo vya malori matatu vimetapakaa barabarani. Mungu mkubwa, hakufa mtu.

Angenyamaza, nani angejua? Sauti yako ilikuwa inamfunika vizuri kabisa. Siku mbili hakula. Ya tatu, kwenye mkutano wa mtaa, alisimama mbele ya wale wale wa petroli akasema, "Mtungi ni wangu. Luhende hana kosa." Weee! Nililia huku napiga vigelegele, peke yangu mkutano mzima. Kazi amefukuzwa, kesi inamngoja, na bado natembea sokoni kifua mbele.

Luhende ameachiwa. Jumamosi alileta maziwa hapa nyumbani. Walikaa na Anania kibarazani, wakanywa.

Nasikia huko unasema eti Anania naye amenunuliwa na serikali. Huna haya! Mtoto uliyemfundisha usukani wewe mwenyewe?

Wasalimie wifi na watoto, Dennis na Irene. Mungu awalinde, na ulimi wako aushike. Ile sauti uliwatumia watu wote wa kwenye simu yako. Hao hao, mmoja mmoja, wasomee barua hii.

Dada yako akupendaye hata ukikosea,
Marita, mama yake Anania.