Gari la Faraji na Gari la Mzee Sudi

Kasulu,
masika

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na huko Handeni mvua zimeshika? Mimi ni mzima, ila nina maneno ambayo Mjomba hatayapenda, kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza.

Yule Faraji ambaye Mjomba alipokea posa yake amekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Gari lake la mbio lililetwa kwa treni mpaka Kigoma: jekundu, viti viwili tu, kelele za simba na tumbo la chini chini kama la mjusi. Jumamosi alinichukua twende Kibondo nikamwamkie shangazi yake. Njia nzima alijisifu jinsi anavyokimbia kwenye lami, huku tunapitwa na baiskeli zenye mikungu ya ndizi.

Bondeni, tumbo la gari likakalia tuta la tope katikati ya barabara. Magurudumu yakazunguka bure. Faraji akaitazama suruali yake nyeupe.

"Shuka usukume," akaniambia. "Mimi lazima nishike usukani."

Mama, nilivua viatu nikasukuma. Tope likanirukia hadi mdomoni, naye ndani anafoka, "Usiegemee hapo, utakwaruza rangi!"

Ndipo akatokea Mzee Sudi, mwenye duka hapa Kasulu, na gari lake kuukuu la milango minne. Rangi imebabuka, na ndani wamebanana mkewe, binti zake wawili na gunia la maharage. Mzee akakunja kanzu, akaingia topeni bila kuombwa, akafunga kamba, akalivuta lile jekundu mpaka pakavu. Faraji hakusema hata ahsante. Aliinama kutafuta mikwaruzo.

"Mwidiwe, mwalimu," Mzee akaniamkia kwa Kiha. "Ukitaka, ingia kwetu. Watasogea."

Wakasogea.

Faraji akanishika mkono. "Utapanda kibovu hicho? Watu wa Kibondo watasemaje wakikuona?"

"Watasema nimefika."

Nilifika kweli, saa nzima kabla yake. Shangazi yake aliitazama miguu yangu, akaniletea maji ya kunawa. Nilimkabidhi pete ya uchumba ya mpwa wake. Alisema tu, "Pole, mwanangu."

Najua Mjomba atawaka. Usimbembeleze, Mama. Akiona nimekosa, na aje alisukume gari hilo yeye.

Nisalimie Bibi, dada Mwajuma na wanawe, na jirani yetu fundi cherehani.

Binti yako akupendaye,
Zainabu