Chaki Yangu Ilimufukuza Shemeki Mwape

Mama Marie-Thérèse wa redio,

Mu mutaa yetu ya Hewa Bora yote, ukiuliza mulango wa muntu mwenye akili, hata kuku zitakuleta kwangu. Ni mimi Rachid, mutengenezaji wa simu, nilisoma biologie mpaka katikati ya sura ya gènes, kisha masomo yakaona nimeyatosha, yakaniacha. Pole Mama, lakini siku moja nitakalia ile kiti yako. Naomba ushauri kidogo tu, makubwa nilishayatengeneza mwenyewe.

Djamila, mutoto wa yaya Aruna, kaka yangu mukubwa, iko na miaka tisa, alivimba shingo, ba docteur bakachota kipande kwa sindano, bakakituma Ulaya kuchunguza, na siku majibu yalirudi famille ikanituma mimi nikasikilize, maana kwetu hatutume baba wa mutoto mwenye kulia, tunatuma mwenye Kifaransa. Docteur akasema ni kansa ya thyroïde, ile tezi ya mbele ya shingo, gènes mbili zilikatika zikashikana vibaya, ndizo zinasukuma uvimbe, batamupasua mardi, Jumanne, na batoto wengi wanapona. Mimi naitika "parfaitement, docteur", muguu juu ya mwingine, mpaka infirmière, muuguzi wake, akaniuliza kama nasoma médecine, udaktari. Nikamujibu, "Karibu namaliza."

Nyumbani bazee bote balikaa mu salon, baba mukubwa Abdoul akaniita kati. Nikashika chaki, nikachora ukoo muzima ku ukuta, nikabaeleza gènes ni bitu bya kurithi, macho kwa mama, pua kwa baba, sasa shingo je? Bote bakageuka kumutazama shemeki Mwape, mama wa Djamila, muntu wa mutaa ingine, Katuba, juu bibi yake alikuwa na shingo nene. Sikumutaja, Mama, nilisimamisha chaki pale tu. Makofi ikapigwa. Baba mukubwa akasema tuliambiwa zamani tuoe kwetu. Mwape hakulia. Aliniuliza tu, "Rachid, ile ndiyo docteur alisema?" Nikamuambia, "Shemeki, sayansi haina huruma."

Kesho yake akamushika Djamila mukono, akarudi Katuba kwa mama yake, na anasema mutoto hataingia ku hôpital mpaka bale balimuchafua jina bafike kulisafisha. Bazee banasema hawaendi kuomba musamaha kwa gène. Na hapa avenue yote inaniita Docteur. Nifanye namna gani mutoto apasuliwe na mimi nibaki na jina langu?

Hii ya mwisho usisome ku redio. Docteur alisema tena kwamba haikutoka kwa mama, haikutoka kwa baba, ilianza mule mwa tezi yenyewe. Nilisikia muzuri. Nililiacha lile neno, juu hotuba isiyo na mwenye kosa haipigiwe makofi.

*

Rachid, mwanangu,

Nimeisoma yote redioni, hata ile uliyonikataza, maana Katuba wanatusikiliza na wazee wako pia. Jina lako limechafuka? Ni dogo kuliko shingo ya mtoto.

Nakuhurumia kidogo. Wazee walimtwika kijana mmoja maneno ya daktari, wakabaki na chai yao. Lakini neno ulilisikia, ukalimeza, na mama akatoka nyumbani kwake na mtoto mgonjwa. Sayansi haikumfukuza Mwape. Wewe ulimfukuza.

Kansa nyingine za tezi hutembea katika ukoo, kweli. Lakini kwa watoto, mara nyingi gène huharibika ndani ya uvimbe wenyewe, na hakuna wa kulaumiwa. Mzee Abdoul akiwa na wasiwasi, amuulize daktari mwenyewe, hata kwa Kiswahili.

Leo, kabla ya saa sita mchana, chukua kitambaa chenye maji, futa ule ukuta, Mzee Abdoul akikutazama. Kisha nendeni Katuba, wewe, yeye na Aruna. Kifaransa kiache nyumbani. Simama mbele ya mama yake Mwape, useme lile neno uliloliacha, bila kuongeza. Jumanne, wazazi wa Djamila ndio wataingia kwa daktari. Wewe utabaki nje kushika mifuko.

Mwape, mama, kama unanisikia: walikukosea, na haki yako uidai yote, hata mbele ya ukoo mzima, kuanzia Jumatano. Jumanne ni ya Djamila.

Na wewe Rachid, Mwape akikuuliza tena kama ile ndiyo daktari alisema, mjibu.