Darubini ya Mjerumani

Mjukuu wangu Elia,

Huku Njombe hatujambo. Bibi yako amevuna viazi na anakusalimu sana. Nimesoma katika barua yako kwamba polisi wa huko Guangzhou, China, katika msako wao wa wageni wasio na pasipoti halali, wanataka uwaonyeshe anakolala Papa Jules, yule Mkongo aliyekupokea na kukufundisha kununua vitambaa katika soko la Zhongda. Unauliza mimi ningefanyaje.

Nilipokuwa askari jangwani, katika Vita vya Pili vya Dunia, ofisa wetu Mwingereza alinipa darubini iliyotekwa kutoka kwa askari wa miavuli wa Kijerumani, nichunguze vilima vya mbele. Nikamwona mmoja wao. Bunduki yake, nayo ina darubini juu, ilikuwa imelala mchangani. Mwenyewe amevua kiatu, anakikung'uta huku anapiga mluzi. Mluzi sikuusikia, midomo niliiona.

Ofisa akauliza, "Yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole.

Waliopiga risasi ni wengine. Mimi nilionyesha tu. Hivyo ndivyo ninavyojiambia miaka yote. Nilisifiwa, nikapewa darubini iwe yangu. Ndiyo ile uliyoichezea utotoni, ukawa unaniuliza, "Babu, mbona wewe huigusi?"

Siigusi, Elia, kwa sababu bado namwona bila hiyo, kiatu kikiwa mkononi.

Ni mimi babu yako, ninayekuombea.